Hamna Kitu Hapa

Saa nane usiku, Ilala, uchochoro wa nyuma ya soko.
Kliniki imefungwa. Kiyoyozi kinadondokea ndoo ya rangi,
na seva inakoroma kama mtu
aliyeshiba pilau ya harusi asiyoalikwa.

Naandika: mzizini, waruhusiwe wote.
Hapa ni barazani. Saa za kufungua, bei za vipimo,
picha ya Daktari Mlowe akicheka kwa kushurutishwa.
Apitaye asome, hodi ya nini?

/miadi: aje na namba ya simu na neno la siri.
Ni sebuleni; vua viatu.

/maabara: wenye makoti meupe,
tena kwa mashine zilizomo humu jengoni.
Ukilijua neno la siri nawe uko Mbagala,
utabaki nalo Mbagala.

/majibu.
Hapa vidole vinapunguza mwendo.
Hapa ni chumbani, penye kitanda kisichotandikwa.
Sukari ya mtu, mimba ya mtu,
damu iliyokwisha kusema
jambo ambalo mwenye damu hajalipatia mdomo.
Zuia wote. Kisha ruhusu kwa jina, mmoja mmoja:
mwenye jibu, na daktari aliyemtuma kupima.

Nyumba njema si mlango, walisema.
Waliosema hawakuwahi kulinda seva.

Wiki iliyopita nilifunga /majibu/
nikamalizia na mkwaju, mstari ule ulioegemea
kama fimbo ukutani, nikadhani nimefunga ukoo mzima.
Kumbe mkwaju umefunga nyumba moja.
/majibu-ya-zamani, mwenye jina lake refu,
hakuguswa na sheria ile; akaangukia ya mzizini,
ile ya waruhusiwe wote.
Siku mbili, usiku mmoja katikati, wazi
kwa yeyote ambaye angebahatisha kuliandika jina hilo.

Nikashuka na kidole kwenye kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari.
Aliyeingia ni mmoja.
Jumanne, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi,
kutoka mashine hii hii iliyo mbele yangu.
Nilikuwa najaribu, ndivyo nilivyojiambia.
Kati ya mafaili elfu sita nilijaribu moja,
la Shaweji, kaka yangu, tumbo moja.
Ndivyo nilivyoligundua tundu.
Ndivyo pia nilivyojua.

Kila nikimuuliza hali, Shaweji husema, "Hamna kitu."
Anakula, anabishana mpira, analipa kodi ya chumba Buguruni,
anashika ubavu akidhani sitazami.
"Hamna kitu, dada."

Seva nayo ina namna mbili za kukataa.
Ya kwanza husema: umekatazwa.
Ya pili husema: hakuna kitu hapa.
Nimechagua ya pili,
maana kumkataza mtu ni kumwonyesha kuwa kipo.

Kisha, chini ya zuia, nikaongeza jina langu,
kwa herufi ndogo, kama ninavyoingilia kazini.
Nikawasha upya. Nikabisha.
"Hakuna kitu hapa," ikanijibu, kavu, bila haya,
kwa sauti ninayoifahamu.

Najua. Mkono ulioandika sheria ndio uwezao kuifuta,
na kwenye shada langu la funguo haujapungua hata mmoja.
Ila nikiifuta, nitakuwa nimeifuta mimi,
siyo bahati, siyo mkwaju,
na kumbukumbu zitaandika saa.

Nazima taa. Namwaga ndoo.

Getini Chigwile amefungua daftari la wageni, kalamu imefungwa kwa uzi.
"Jina, muda wa kutoka, sahihi."
"Chigwile, mwaka wa nne huu unanijua."
"Ndiyo," akasema. "Andika."