Ukurasa wa Saba

Shangazi Velta hutengeneza kodiani
mjini Cēsis, Latvia, nyuma ya duka la mikate.
Mtandaoni alikuwa ukurasa wa saba,
na ukurasa wa saba ni kaburi,
ila kaburi huletewa maua.

Nilifika Februari, theluji kimo cha dirisha,
nikafungua tovuti yake. Imeandikwa:
*Urejeshaji Bingwa wa Ala za Mivukuto.*
"Nani hutafuta hivyo?"
"Watu wenye adabu," akajibu,
akakata uzi kwa meno.

Nikaomba daftari lililo kando ya simu:
miaka kumi na mmoja ya wateja, kwa penseli.
*Kodiani ya babu inakoroma.
Kitufe kimezama, hakirudi.
Inanuka panya.
Nimeikalia.*

Nikayapandisha vilevile, na makosa yake.
Nikapunguza uzito wa picha, nikang'oa viungo vilivyokufa.
Sifa za kununua, alikataa.
Machi, ukurasa wa nne.
Mei, wa kwanza, mstari wa tatu,
chini ya jamaa wa Riga anayelipia kiti.

Jana simu ililia. Mtu wa Liepāja.
Saa nane za usiku aliuandikia mtambo wa kutafutia:
*kodiani ya mama imenyamaza tangu mazishi*,
nao ukamleta hapa.

Shangazi akaandika maneno yale kwanza,
jina baadaye.
"Na haya utayapandisha?"

Yangetuinua, najua. Yangetuweka juu ya yule wa Riga.

Nikafunga kompyuta,
nikaenda kuchemsha gundi.