Likizo ya Siku Nne, Mpwapwa

Pale Namanga afisa aliniuliza sababu ya safari.
Nikasema: kupanda mlima.
Akatabasamu, muhuri ukining'inia hewani. "Kilimanjaro?"
"La. Kiboriani."
Akamtazama mwenzake. Mwenzake akainua mabega.
Muhuri ukashuka.

Mimi ni mtu wa Hola. Kwetu kilima
ni kichuguu, ni tuta la shamba la mpunga,
ni mgongo wa ng'ombe aliyelala.
Miaka arobaini na mitatu nimeishi
kimo kimoja na maji.

Nyemo Chilongani alinifuata alfajiri,
kandambili miguuni, sweta ya shule imetoboka viwiko.
Akayaangalia mabuti yangu mapya
kama mtu aangaliavyo bandeji.
"Mbukwenyi," akanifundisha.
Nikaisema kwa lafudhi ya mtoni. Akaipokea hivyo hivyo.

Saa ya kwanza nilikuwa nikizungumza.
Saa ya pili nilikuwa nikihema.
Ya tatu, hata hilo lilikuwa na mashaka.
Upepo wa Julai una meno huku,
unang'ata sikio, unaachia, unarudia lile lile.

Wanawake watatu wakatushukia na maharage vichwani,
shingo zimenyooka, miguu haitazamwi.
Mmoja akauliza jambo kwa Kigogo.
"Anasema, umepotelewa na mnyama gani huko juu?"
Sijapotelewa, nikajibu.
"Basi nani anakulipa?"
Nyemo akawaambia anayelipa ni mimi.
Kicheko chao kiliteremka mbio,
kikafika sokoni kabla ya maharage.

Na kileleni, ukungu.
Mlima nilioupandia mabasi matatu
ulinionyesha viatu vyangu, basi.

Tukakaa. Viazi vitamu vya jana, karanga, chumvi ndani ya karatasi.
"Ni kweli," Nyemo akauliza, "kwamba mto wenu hauendi likizo?"
Wa kwao ni mchanga, mwezi baada ya mwezi;
mtu hupiga magoti, huchimba kwa kata,
kisha hungoja.
"Unangoja nini?"
"Uamke."

Nikampa Tana yote niliyokuwa nayo:
rangi yake ya chai iliyozidi maziwa,
viboko wakikohoa usiku nyuma ya migomba,
mtumbwi unaovuka na mbuzi na mwalimu mkuu,
sauti ile ambayo ukizaliwa nayo huisikii
mpaka siku unapolala mbali.
Alisikiliza mdomo wazi, kiazi mkononi.

Sikumwambia mwaka ule ulipoingia chumbani bila hodi.
Sikumwambia sanduku la mama, lilivyotoka mlangoni taratibu
kama mgeni aliyeshiba.
Wala hema. Wala Buya, mwanangu wa saba kuzaliwa,
aliyeuliza juu ya tuta, magoti yamekumbatiwa,
kama ipo mahali maji hayajui njia yake.

Ukungu ukafunguka, kidogo tu, upana wa khanga.
Chini, mabati ya Mpwapwa yakimeta,
na katikati ya vichaka utepe mweupe, mkavu, umejipinda.
"Ule pale wetu," Nyemo akasema. "Umelala."
Nikapima kwa jicho toka mchangani hadi magotini pangu.
Nikapima tena.
Ukungu ukafunga.

Kushuka ni deni lingine; magoti ndiyo hulipa.
Nyumba ya wageni wakanipa ndoo moja,
"ya kuogea na ya kesho asubuhi, kaka,"
nikaoga kwa kikombe, kwa adabu,
nikabakiza zaidi ya nusu.

Usiku nikapiga simu nyumbani. Buya akaidaka.
"Umefika?"
Nimefika.
"Juu kabisa?"
Juu kabisa.
Akanyamaza. Nyuma yake niliusikia, kwa mara ya kwanza,
ukipita.
"Pakavu?"
Pakavu.
"Kuna shule?"