Iachwe

Asubuhi nimefuta *ajari* tatu kwenye ripoti ya bima,
nikaandika *ajali*. Magari yaleyale, majeruhi walewale.
Bwana harusi wa Tabata nikamrudishia karamu yake;
alikuwa amealika watu mia mbili waje kwenye kalamu.
Mgombea wa saccos anaomba tumpe *kula*.
Hapo nilisita kidogo:
huenda ndiye pekee aliyeandika kweli.

Ndiyo kazi yangu, Gerezani, chumba cha nyuma,
feni moja, wino mwekundu, joto la Februari,
prufu zinaninata viwikoni.

Saa tisa akaingia fundi Mbaraka wa Keko,
penseli bapa sikioni, vumbi la mninga kwenye nyusi.
Kijitabu cha arobaini ya mkewe, Sikudhani.
Kurasa nne na picha.
Nikazisafisha mbele yake,
kama mtu anayechambua mchele mgeni akisubiri:
*nilikua* ikapata w yake, *ambae* ikapata y,
koma zilizozurura nikazirudisha zizini.

Akasoma polepole, kidole kikitangulia,
mpaka kwenye ujumbe aliotumiwa na mkewe kutoka wodini,
ule wa mwisho:
*Nipo hapa hapa, we kula kwanza.*
Kidole kikasimama.

"Hii h imetoka wapi?"

Nikaanza habari za kamusi, za usanifu.
Akanisikiliza kwa adabu, hadi nikajichoka.
"Mama Zuhura hakuwa nayo," akasema.
"Miaka thelathini na moja haijaingia nyumbani kwangu.
Weka apa. Kaa apa. Apa panauma.
Randa nzuri, mwanangu. Lakini ukiizidisha
ubao unakwisha."

Tunayo alama moja ambayo hatuitumii sana:
vitone chini ya neno lililokatwa,
na pembeni unaandika *iachwe*.
Nikavitia, kimoja kimoja,
kwa mkono wa mtu anayegongea misumari midogo
kwenye mbao nyembamba.
Yeye alikuwa amegeukia dirisha,
anapangusa penseli isiyo na vumbi.

Umeme ulirudi baada ya magharibi.
Chande akapaza sauti kutoka mashineni:
"Dada Mwanaidi! Ukurasa wa tatu kuna kosa umeliruka.
Tena mawili, yamefuatana!"

"Nimeyaona," nikamwambia. "Washa mashine."