Kichupa Nambari Saba

Umefika Tartu ukiwa umelala
ndani ya sanduku la povu, juu ya barafu kavu inayofuka,
na karatasi ya forodha yenye mihuri mitatu.
Nje ni hasi kumi na nane. Mto umeganda.
Mleta mizigo, masharubu yameota theluji,
anauliza: "Kuna nini humu?"
"Jeni moja," namjibu. "Ya ini la binadamu."
Simwambii imebebwa na nani.

Mikrolita mia mbili: matone manne ya chozi.
Chembe milioni mbili, kila moja na mzigo uleule,
na mwishoni mwa mzigo, bendera,
asidi amino nane tu, mkia mfupi,
ili kimeng'enya kikishaumbwa tukitambue
katika umati wa protini zisizojitaja.

Wewe nakujua tangu zamani.
Nakujua kwa jina lako la kwanza,
lile walilonong'ona Narva, ghorofa ya tatu,
mwaka ule Rodion alipogawana sindano na wenzake.
Uliingia kwake bila hodi.
Ukazaa, ukazaa, mpaka kaka yangu
akawa nyumba ya wapangaji wasiolipa kodi.
Tulimzika Machi, ardhi ikikataa jembe.

Sasa wamekutoa utumbo.
Dokta Pihlakas alinichorea ubaoni kwa kalamu nyekundu:
hii tumeifuta, hii tumeifuta,
hii tumeitenga mbali na zenzake.
Hazai tena, Liidia. Ataingia mara moja, atatua mzigo, basi.
Nikaitikia.
Usiku nikaota ubao umeandikwa upya.

Wanasema dawa ya moto ni moto.
Sijui. Rodion hakuungua;
alizimika.

Glavu mbili, moja juu ya nyingine. Kioo cha kabati nimekishusha.
Nakuyeyusha juu ya barafu, si kiganjani,
maana joto la kiganja lingekudhoofisha, lingekuua,
na wazo hilo
nimelishika muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Kisha nakudondosha, taratibu,
juu ya seli za ngozi za mtoto wa Võru
asiyeruhusiwa yai, wala jibini, wala samaki.
Sijawahi kumwona.

Siku ya tatu, chumba cha hadubini, giza.
Seli nimezipaka kingamwili zenye rangi.
Nawasha taa ya buluu. Weusi. Weusi.
Nasogeza sahani kidogo kushoto
na hapo, nukta ya kijani. Nyingine.
Halafu mtaa mzima umewasha madirisha,
na kila dirisha lina bendera.

Sikulia. Niliandika saa, tarehe,
asilimia sitini na mbili.
Kwenye safu ya maoni nikaandika: Safari hii amebisha hodi.
Nikakata. Nikaandika inavyotakiwa: Imefaulu.

Lakini sheria ya daftari letu ni wino,
na kosa hukatwa kwa mstari mmoja tu,
ili kilicho chini yake kiendelee kusomeka.