Korasoni

Leokadia Mchopa aliimba treni maisha yake yote
na treni hakuiona.
Reli ya Nachingwea iling'olewa kabla hajaota meno;
alichokikuta ni tuta, na juu ya tuta makopa yameanikwa,
na kuku.
Lakini akibana pua kidogo na kuivuta ile noti,
watu wa Naipanga waligeuka kutazama behewa.

Mimi nilimpigia tumba miaka kumi na tisa.
Ukitaka kunibishia, anzia hapo.

Baba yake, Severini, alitikisa manyanga
katika bendi ya shamba la mkonge,
na kila Jumamosi alimlilia mtu mmoja:
Korasoni njoo, Korasoni usiniue.
Maneno ya kwenye santuri; hakujua maana ya hata moja.
Mtaa ukaamua ana hawara Lindi mjini.
Majirani wakampelekea mkewe habari, na pole juu.
Mke huyo alitoka Mueda, ng'ambo ya Ruvuma,
Kireno alifundishwa kwa fimbo za kiganja,
akajua fika kwamba Korasoni ni moyo,
moyo tu, nyama ya kifuani.
Hakumwambia mtu.
Alisonga ugali, akamtengea mumewe, akacheka peke yake
miaka saba.

Kantri Leokadia aliipata kwenye redio ya mganga wa zahanati:
wanaume wanamlilia farasi,
wanamlilia mke aliyeondoka na funguo.
"Hawa," akaniambia, "ni Wamwera wasiojijua."
Akavunja shingo ya chupa ya bia,
akaisugua kwenye jiwe mpaka ikakubali kidole,
akaiteleza juu ya nyuzi.
Gitaa likalia kama mlango wa ghala usiku.
Na chini yake mimi, na mdundo wa baba yake,
tatu, kimya, mbili,
tatu, kimya, mbili.
Farasi alikuwa wa kwao, kwato zilikuwa za kwetu,
zilicheza cha-cha-cha.

Mwaka wa bei nzuri, walevi walipowanunulia mbuzi soda,
tulijaza ukumbi Masasi siku nne mfululizo.
Kofia pana aliishona kwa gunia la chama cha msingi.
Mabuti yalikuwa ya kupulizia salfa,
yakinuka mpaka safu ya tatu.

Kisha Dar es Salaam. Studio ina zulia ukutani.
Produsa akasikiliza, akazima mashine:
"Dada, chagua. Hilo tumba au hiyo chupa.
Dukani hakuna rafu ya vyote viwili."
Leokadia alinitazama.
Mimi nilikuwa natazama zulia.

Kanda ile inauzwa mpaka leo.
Nzuri, safi.
Farasi anaelea. Hana kwato.

Alirudi baada ya miaka miwili juu ya lori la ufuta,
akanikuta ghalani napima korosho.
Radhi hakuomba, wala mimi sikumkaribisha.
Aliegemea mizani, akaipiga kwa kiganja,
tatu, kimya,
nikamalizia.
Karani akalalamika kwamba kilo hazitulii.

Mama yake tulimzika mwezi wa sita, Nachingwea.
Jioni, vyungu vikiwa vinaoshwa, Leokadia akashika gitaa
na kwa mara ya kwanza akauimba ule wimbo wa baba,
kwa Kiswahili, polepole, bila treni:
moyo njoo, moyo usiniue.
Koo lake siku hizi limebaki nusu,
lakini nusu hiyo inatosha uani.

Bibi Nambaya, jirani wa tangu enzi hizo,
aliacha kusugua sufuria.
"Kwa hiyo yule mwanamke hakuwapo?"
"Hakuwapo, bibi."
"Hata kidogo?"
Akahesabu kitu kwenye vidole vyenye majivu.
"Miaka saba," akasema, "sikuitikia salamu ya Severini.
Alipita hapa na baiskeli yake, asubuhi na jioni,
shikamoo, shikamoo,
nami namgeuzia mgongo."
Akarudia kusugua, kwa nguvu,
sufuria ambalo tayari lilikuwa linang'aa.