Majaketi Kumi na Mawili

Nimeyahesabu mara tatu, Ndabhona,
juu ya mchanga wa Kibirizi, jua halijachungulia milimani:
majaketi okozi kumi na mawili,
rangi ya chungwa iliyochujuka,
filimbi moja tu ndiyo inayolia.
Niliyanunua Ujiji, kwa fundi mashine
aliyeacha meli akahamia cherehani.

Wewe unasema kila mawili hula nafasi ya gunia la unga.
Gunia moja ni mafuta ya kufika Mwamgongo,
na Kagunga bado iko mbele.
Hesabu zako hazijawahi kunidanganya.
Daftari ni langu, lakini kidole
kinachofuata mistari ni chako.

Halafu ukasema lile lililoninyima usingizi:
abiria ni ishirini na watatu.
"Dada, bora tusiwe nayo kabisa.
Kumi na mbili ni kuchagua.
Maji yakiingia, nani atamvua nani?"

Usiku nikavaa moja, peke yangu, chumbani.
Nikafunga kamba zote, nikajitazama kiooni:
nilifanana na mzigo unaosubiri kuandikwa jina.
Nikashuka nalo hadi ziwani, nikaingia mpaka shingoni.
Julai hii maji ya alfajiri yanauma kama deni.
Jaketi lilinibeba, ndiyo.
Joto halikunipa.
Meno yaligongana kama vikombe kwenye sinia,
vidole vikasahau kazi yao,
na hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua.
Si uzima.
Ni muda.
Muda wa mtu kuona taa, kuita, kuitikiwa.

Basi teremsha magunia sita.
Teremsha yale yangu, ya wateja yaache;
nitayatafutia Ijumaa nyingine.
Nimeandika: watoto kwanza.
Halafu wasiojua kuogelea.
Halafu nimeacha mstari mtupu,
kalamu imegoma.
Jina lako halimo, mdogo wangu,
wala usiniulize kwa nini.

Hukuuliza.
Uliyatupa ndani ya boti moja moja
kama mtu anayelipa faini kwa sarafu.

Saa sita abiria wakapanda
na madumu yao ya mawese, na jogoo,
na redio iliyofungwa kwa mpira,
na mtoto mgongoni anayenyonya ncha ya kanga.
Wakayakuta yametandazwa juu ya mbao
wakayakalia.
"Leo mmetuwekea mito!" akasema mama mmoja wa Kagunga,
akajisogeza, akapata starehe yake.
Ulinitazama.
Kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno ya alfajiri ile,
maneno baridi, yasiyojua pa kuanzia.
Injini ikakohoa, ikashika.

Nikaingia majini hadi magotini, na gauni langu,
nikapaza sauti juu ya moshi:
"Yavaeni! Jamani, yavaeni!"

Yule mama akageuka, akacheka,
akanipungia mkono.