Daftari la Meneja

Mimi sikuwahi kufunga bao.
Mkiniandika, niandikeni hivyo.
Nilikuwa mtu wa kuhesabu ndimu:
ndimu ishirini, glukosi pakiti mbili,
nauli ya golikipa kutoka Dandora,
jivu debe moja kutoka jikoni kwa Mama Nduku
la kuchorea mistari asubuhi, kabla jua halijachoma.
Mvua ilipopita, mistari ilikwenda na maji.
Refa akaniuliza, "Meneja, eneo la hatari liko wapi?"
Ningemwonyesha mfuko wangu wa suruali.

Ofafa Mwangaza. Jezi kumi na tano za kijani
alizofua Peninah, mke wangu, kwa karai moja,
hata shuka zetu zikawa kijani,
hata kola ya shati langu la kanisani.
Namba tisa haikurudi.
Mpaka leo natazama kamba za nguo za watu.

Geti halikuwepo. Palikuwa na kamba ya katani,
na Gathirwa mweka hazina, na mkebe wa rangi.
Waliolipa walisimama juani.
Wasiolipa walikaa juu ya ukuta wa reli, kivulini,
wakatukana kwa ufundi kuliko wote.
Mapato, mia nne na sitini.
Refa, mia mbili. Askari, mia moja, ya chai.
Soda ya mshika kibendera
aliyesema yeye hanywi soda bila mkate.

Kurasa nyingi zimeliwa na mende.
Wa thelathini na moja wameuacha.
Wino mwekundu, mwandiko wa haraka:
*Ambundo. Njumu jozi kumi na mbili. Mpira mmoja.*

Winga wa kushoto, miaka kumi na tisa,
aliyegusa mpira kama anayemwamsha mtoto wa jirani,
taratibu, asije akalia.
Watu wa klabu kubwa walikuja na gari jeupe,
hawakuzima injini.
Nikasema jozi ishirini. Wakacheka.
Nikasema kumi na tano.
Ambundo alikuwa papo hapo, chupa ya maji mkononi,
akiifuata bei kwa macho, kushoto, kulia,
kama mtu anayetazama pasi.

Jumamosi iliyofuata Mwangaza wote walivaa njumu.
Tulifungwa matatu bila.
Upande wa kushoto hakupita mtu.

Huko alikokwenda alikalia benchi msimu mmoja na nusu,
kisha goti likamtupa.
Siku hizi ana kibanda cha vipuri barabara ya Kirinyaga,
kati ya muuza breki na muuza rejeta.
Huniita kabla sijamwona:
"Meneja! Kiti hiki hapa."
Kiti ni kimoja. Yeye husimama, uzito wote kwenye mguu mzima.
Hatuyagusi yale. Tunasema ligi, tunasema marefa,
bei ya unga, nani kafa Jericho.

Ila siku moja, nimefuata plagi ya jenereta ya kanisa,
anaifunga kwenye gazeti,
akauliza bila kuinua kichwa:
"Vile viatu, vilidumu?"

Nilitaka kusema vilidumu.
Kazi yangu ilikuwa hiyo, kuwatia watu moyo wakati wa mapumziko,
kuwaambia mbili bila si kitu,
dakika arobaini na tano ni nyingi, vijana, ni nyingi.
Nikasema, "Soli ziling'oka kabla ya Krismasi.
Vilikuwa vya bandia."

Alicheka mpaka akashika meza.
Muuza breki akachungulia kuona kuna nini.
"Meneja," akasema, akijifuta macho kwa kitambaa cha grisi,
"ungeshikilia zile ishirini."

Akanipa plagi, akanipa chenji.
Niliihesabu mbele yake, kwa mazoea.
Ilikuwa sawa.